Aliyewahi kusikia sauti, je, akalishwe kimya?

SWALI: Mhariri, salaam. Mdogo wangu wa kiume anasoma Uingereza. Kabla hajasafiri aliwahi kupatwa na saikosisi: alisikia sauti zikimsema, akaamini kwamba majirani wanamfuatilia. Alitibiwa akapata nafuu, na mpaka leo anatumia dawa kwa dozi ndogo. Sasa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika saikolojia amemwalika ashiriki utafiti kuhusu mazoezi ya uzingativu, yaani kutulia, kufuatilia pumzi na kuyatazama mawazo bila kupambana nayo, kwa watu walio katika hatari ya kupata saikosisi. Mama hataki hata kusikia. Anasema mtu aliyekwisha kusikia sauti hakalishwi kimya asikilize kichwa chake. Mimi nimshauri nini?
Dada Mkubwa, Tanga

JIBU: Dada yetu, hofu ya mama ina msingi, na wataalamu wenyewe waliwahi kuiandika. Mwaka 1979, Roger Walsh na Lorin Roche walieleza katika jarida moja la magonjwa ya akili la Marekani habari za watu 3 wenye historia ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoambatana na saikosisi, ambao walirudiwa na saikosisi wakiwa katika tafakuri nzito. Hata hivyo, waandishi hao hawakuitupia lawama tafakuri peke yake. Walisema hatari imo katika mchanganyiko wa tafakuri ya muda mrefu, kufunga kula, kukosa usingizi na kuacha dawa, kwa mtu ambaye tayari ana historia ya ugonjwa huo. Ukiyapima hayo manne, utaona kwamba kukosa usingizi na kuacha dawa vinatosha kumwangusha mgonjwa hata kama hajawahi kukaa kutafakari maishani mwake.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama uzingativu ni salama, ulizeni ni uzingativu wa namna gani. Programu maarufu aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, mwaka huohuo wa 1979, huchukua wiki 8 na humtaka mshiriki afanye mazoezi nyumbani kwa takribani dakika 45 kwa siku, na zipo kambi za ukimya ambako watu hukaa siku 10 wakitafakari kuanzia alfajiri hadi usiku. Mtu mwenye historia ya mdogo wako simshauri aende kwenye kambi hizo, hata awe amealikwa na nani.

Aina iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa hali yake ni nyingine. Paul Chadwick, mwanasaikolojia tiba wa Uingereza, pamoja na wenzake, waliyapunguza mazoezi hayo hadi kufikia kama dakika 10, na mwongozaji hawaachi washiriki katika ukimya mrefu, bali husema neno kila baada ya muda mfupi: rudini kwenye pumzi, sikieni miguu sakafuni, na sauti ikija, itambueni kwamba imekuja, msiifukuze wala msiifuate. Baada ya hapo kikundi huzungumza juu ya kilichompata kila mmoja, na kwa maoni yangu mazungumzo hayo yana uzito sawa na zoezi lenyewe, kwa sababu hapo ndipo mtu hugundua kwamba kinachomchosha si sauti tu, ni pia vita anavyopigana nayo mchana kutwa. Mama akielezwa hivyo, huenda akaona kwamba hapa hakuna anayeachwa peke yake na kichwa chake.

Matokeo yake yanatia moyo, lakini si ya miujiza. Taarifa yao ya mwaka 2005 ilihusu watu 10 wa kwanza waliomaliza vikao 6. Hali zao zilikuwa bora kuliko mwanzo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2016, liliwahusisha watu 108 wanaosumbuliwa na sauti, nalo lilichanganya uzingativu na tiba ya mazungumzo. Kipimo kikuu, yaani dhiki ya jumla ya nafsi, hakikuonyesha tofauti ya kutegemewa, ingawa huzuni ilipungua na sauti zikawa hazitesi kama zamani. Utafiti wa uzamivu kwa kawaida huwa mdogo kuliko huo, kwa hiyo mdogo wako asiende akidhani anakwenda kutibiwa.

Neno "hatari" lililo katika mwaliko nalo lisiwashtue. Baadhi ya watafiti huipima hatari hiyo kwa dodoso linalouliza kama mtu anaamini mambo ya ajabu. Emmanuelle Peters na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1999, waliwalinganisha wafuasi wa vikundi vipya vya kidini na wagonjwa waliolazwa wakiwa na imani potofu zitokanazo na ugonjwa, kama ile ya kufuatiliwa na majirani, wakakuta kwamba makundi yote mawili yalikubali mambo mengi ya ajabu kwa kiasi kinachokaribiana, ila wagonjwa waliteswa nayo na kuyawaza zaidi. Mdogo wako anaweza kupata alama za juu kwenye dodoso huku akiendelea na masomo yake bila shida.

Kabla hajatia saini, amuulize mtafiti kila zoezi ni la dakika ngapi, nani anaongoza, msimamizi wake ana uzoefu gani wa kuhudumia wagonjwa wa saikosisi, na hatua gani zitachukuliwa sauti zikirudi katikati ya utafiti. Karatasi ya ridhaa inapaswa kueleza wazi kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Majibu yakiwa ya kubabaisha, akatae kwa adabu. Yakiwa mazuri, bado daktari wake aarifiwe kwanza, na dozi ya dawa isiguswe kwa sababu ya utafiti huu. Ninyi mlio Tanga mnazijua dalili zake za mwanzo kuliko mtafiti yeyote, kwa hiyo kubalianeni naye mapema kwamba akikosa usingizi kwa siku mbili mfululizo, au akianza tena kuzungumzia majirani, atasimamisha mazoezi na kumpigia daktari wake siku hiyohiyo.