Pete imepotea ufukweni: hakuna mashine inayoijua dhahabu

SWALI: Jumapili iliyopita nilivua pete yangu ya ndoa ufukweni ili nipake mafuta ya kukinga jua, nikaiweka juu ya taulo. Baadaye mtu akalikung'uta taulo bila kujua. Ni pete nyembamba ya dhahabu nyeupe, karati 18, yenye kijiwe kimoja cha almasi. Tulichakura kwa mikono na reki mpaka giza likaingia. Shemeji yangu akaweka kwenye simu programu ya kutambua metali; ililia mara nyingi, lakini tuliambulia misumari na vizibo vya soda. Sasa tuna njia mbili. Kuna kikundi cha kujitolea chenye vigunduzi vya metali: hawadai malipo, ila wanasema hawawezi kuahidi kitu. Na kuna bwana mwenye mashine ya antena anayesema inainasa dhahabu kutoka mita 500. Anataka nimtumie picha ya pete na nusu ya malipo kwanza. Mume wangu anaona kwamba anayelipwa ndiye mwenye uhakika. Halafu siku tano zimeshapita, pete si itakuwa imezama mbali?

JIBU: Dada yangu, wapigie simu wa kujitolea leo hii, na huyo bwana wa antena usimpe chochote, hata hiyo picha. Nimeanza na hilo kwa sababu barua za aina hii hunijia mara kwa mara, na nyingi hufika wakati pesa zimeshaondoka. Yako imewahi.

Matapeli wananikera, lakini kinachonikera zaidi ni imani inayowafungulia mlango: kwamba ipo mashine inayoijua dhahabu. Haipo. Kigunduzi cha metali hupitisha umeme unaobadilikabadilika ndani ya koili, ule mduara ulio chini ya mpini. Umeme huo huzaa uga wa sumaku. Uga ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo huzaa uga wake dhaifu unaorudi kwenye koili. Hapo ndipo mashine inapolia. Inachopima ni jinsi mikondo ile inavyozuka na kufifia, na hilo hutegemea ukubwa wa kitu, unene wake, umbo lake na namna metali yake inavyopitisha umeme, vyote kwa pamoja. Jina la metali halimo kabisa katika kipimo hicho.

Ndiyo maana pete kama yako huwaponyoka wengi. Karati 18 maana yake ni sehemu 75 za dhahabu katika kila 100. Zilizobaki, kwa dhahabu nyeupe, kwa kawaida ni nikeli au paladi pamoja na metali nyingine. Dhahabu safi hupitisha umeme vizuri sana, lakini ikichanganywa hivyo uwezo huo hushuka mno. Matokeo yake, pete nyembamba ya dhahabu nyeupe hutoa sauti ileile, na mara nyingi namba ileile kwenye skrini, kama kipande cha karatasi ya alumini au kile kijino cha kufungulia kopo. Mtu akinunua mashine dukani asubuhi, akaiweka kwenye mpangilio wa kuchuja takataka kwa sababu maelezo yamemwambia hivyo, anaweza kuipitisha koili juu ya pete yako mchana kutwa na mashine isitoe hata mlio. Anayechuja takataka anachuja na pete. Ukiwaona watu wa kujitolea wanachimbua vijino vya makopo saa nzima, usiwakatie tamaa: hiyo ndiyo kazi yenyewe inavyofanywa.

Kuhusu simu ya shemeji yako, misumari na vizibo ulivyopata vimeshakujibu. Simu ina kihisi kidogo cha sumaku kwa ajili ya dira. Kinapima uga wa sumaku wa dunia, ambao ni kati ya mikrotesla 25 na 65 hivi, na chuma kikisogea karibu uga huo huvurugika, programu inalia. Dhahabu haiuvurugi. Fedha haiuvurugi, platinamu vilevile. Programu ile ingelia juu ya msumari ikanyamaza ndani ya duka zima la sonara.

Sasa hizo mita 500. Kwa kitu kidogo kama pete, uga unaorudi kwenye koili hudhoofika kwa takriban kipeo cha sita cha umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, kinachorudi ni sehemu moja tu kati ya 64. Kutoka sentimita 20 hadi mita 20 umbali umeongezeka mara 100, kwa hiyo kinachorudi ni sehemu moja kati ya trilioni. Nami nimeishia mita 20 tu. Mashine nzuri yenye koili ya kawaida ya sentimita 28 huisikia pete iliyofukiwa kwa kina kinachokaribia upana wa koili hiyo, mara nyingi pungufu yake. Huo ndio mpaka, na betri kubwa zaidi au antena ndefu zaidi haiusogezi hata kufika mita chache.

Ulaghai huu si mdogo. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimhukumu James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza vifaa vilivyoitwa ADE 651: mpini wenye antena inayobembea, uliodaiwa kuonyesha mabomu na dawa za kulevya kutoka mbali. Asili yake ilikuwa kitu cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea. Iraki iliwahi kuvitumia kwenye vizuizi vya barabarani, mahali ambapo bomu likipita, watu wanakufa. Kabla ya hapo, mwaka 1996, mahakama ya Marekani ilizuia uuzaji wa kifaa cha aina hiyohiyo kilichoitwa Quadro Tracker. Antena hizo huzungushwa na mkono wa anayezishika. Misuli husogea kidogo sana bila mwenyewe kutambua, na antena inaelekea pale anapofikiri kitu kipo. Kwa hiyo wapo wanaozibeba wakiziamini kwa moyo wote, na hao ndio wagumu kuwakataa, kwa kuwa huoni udanganyifu usoni mwao. Kama mume wako bado ana shaka, afanye hivi: achukue vikombe kumi vinavyofanana visivyo vya metali, avipange mezani, afiche pete nyingine chini ya kimoja bila mwenye mashine kuona, kisha amwombe aionyeshe, na jaribio lirudiwe mara kadhaa. Mashine inayonasa dhahabu kutoka mita 500 haiwezi kushindwa na meza. Utasikia visingizio vya hali ya hewa, vya nyaya za umeme, vya watu wasioamini.

Na hilo la kuahidi. Mtu mkweli katika kazi hii haahidi, kwa sababu hajui kama pete bado ipo pale. Huenda mtoto aliiokota siku hiyohiyo. Anachoweza kukuambia kwa uhakika ni eneo gani amelimaliza, na kwamba pete haimo ndani ya kina anachoweza kukifikia. Hilo nalo lina thamani kubwa, maana linakuondoa pale na kukupeleka kwingine. Vikundi vya namna hii viko nchi nyingi. Upo pia mtandao wa watafutaji uitwao The Ring Finders, ulioanzishwa Kanada na Chris Turner, ambao wengi wao humwachia mwenye pete aamue atoe shukrani kiasi gani. Kuombwa nauli si kosa. Kuombwa nusu ya malipo kwa ahadi ya kupata ni kosa.

Tuje kwenye pete yako, kwa maana kuna mengi ya kufanya kabla hawajafika.

Kwanza acheni reki. Pete iliyolala kwenye mchanga mkavu, juu ya mstari wa maji kujaa, haizami yenyewe kwa siku tano. Inashuka kwa kukanyagwa, na inahama kwa kuchakurwa. Kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi mambo ni tofauti: dhahabu ya karati 18 ina uzito wa takriban gramu 15 kwa sentimita moja ya ujazo, mchanga wa kawaida ni 2.65 tu, kwa hiyo kila wimbi linapolegeza mchanga pete inashuka mpaka ikutane na tabaka gumu la udongo au makombe. Je, taulo lilikuwa wapi hasa? Kama lilikuwa mkavuni, nina matumaini mazuri. Kama lilikuwa chini ya mstari wa maji, waambie wazi ili waje na mashine ya msukumo (inayotuma umeme kwa mipigo mifupi) au inayotumia masafa kadhaa ya mawimbi kwa pamoja, kwa kuwa maji ya chumvi nayo hupitisha umeme na huzichanganya mashine za kawaida, na wapange kuja wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi.

Hilo la mahali ndilo ninalotaka ulitilie mkazo kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na risasi moja ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza kwa haraka kifaa cha kuitafuta kwa kanuni hiihii ya koili. Kilijaribiwa na kilifanya kazi. Lakini daktari mkuu wa rais alishikilia kwamba risasi iko upande wa kulia, na Bell akatafuta huko. Tena chini ya mgonjwa kulikuwa na springi za chuma za kitanda zilizovuruga sauti. Rais alifariki Septemba mwaka huohuo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha risasi ilikuwa kushoto. Kifaa hakikuwa na kosa. Aliyekielekeza alikuwa na uhakika usio na msingi. Naona jambo lilelile fukweni kila mara: mwenye pete anaonyesha kwa kidole, "ni hapa hapa", na pete inakuja kupatikana mbali kabisa na kile kidole.

Basi usitegemee kumbukumbu peke yake. Kusanya picha zote zilizopigwa siku ile, hata za wenzako, hata zile ambazo wewe hukuonekana. Angalia kilichoko nyuma: mti, ukuta, mwamba, mnara wa waokoaji. Simama ufukweni mpaka vitu hivyo vijipange kama vilivyo kwenye picha. Kisha chukua taulo lilelile, uweke juu yake washa ya chuma (kile kipete bapa cha kuwekwa chini ya nati) yenye uzito unaokaribiana na pete, imefungwa utepe wa rangi ili isipotee nayo, na umwombe aliyelikung'uta alikung'ute tena kama alivyofanya. Rudieni mara kadhaa. Utashangaa inavyoruka mbali, na kwa upande gani. Zungushia eneo hilo vijiti vya mti, si vya chuma. Viti vya chuma, koleo na baiskeli vikae kando, somo la kile kitanda cha rais.

Uliza pia wanaosafisha ufukwe kama trekta la kuchekecha mchanga limepita tangu Jumapili, na takataka zake humwagwa wapi. Swali hili huwa halimjii mtu akilini, na mara nyingine ndilo lenye jibu. Papo hapo ombeni ruhusa ya kutafuta, kwa sababu nchi nyingi zinakataza vigunduzi karibu na maeneo ya kihistoria, na baadhi ya fukwe zina masharti yake.

Kama una pete nyingine ya metali na ukubwa kama ule, nenda nayo. Wataipitisha chini ya koili wajue sauti ya kuisikiliza. Almasi haitasaidia, kijiwe hakilii. Kisha waache wafanye kazi taratibu: kamba zinavutwa, koili inapita ikikaribia kugusa mchanga, kila mpito ukiufunika nusu ya uliotangulia, na wakimaliza wanarudia wakikatiza mistari ya mwanzo. Inachosha kuitazama. Usiwaharakishe.

Nawaambia na wasomaji wengine, kwa kuwa najua mnasoma mkiwa na mikufu na hereni zenu akilini. Mkufu mwembamba ni mgumu kuliko pete, maana mikondo ya umeme hukatika kati ya pingili na pingili, na mashine husikia kama pingili moja tu au kile kifungio. Kwenye nyasi, msikate nyasi kabla ya kutafuta. Na popote kitu kilipopotea, msiandike hadharani mahali penyewe, wala msionyeshe picha ya kila upande. Mkishatangaza, watajitokeza wanaosema wameipata na wanataka pesa ya kuituma. Dada, kama ndani ya pete yako kuna maandishi au tarehe, usimtajie mtu yeyote. Atakayekupigia akisema anayo, mwambie akusomee kilichoandikwa.