Kutoka kwa seremala hadi jeneza la Malkia

Umeuliza kwa nini kampuni nyingi za mazishi Uingereza ni za ukoo, baba kwa mwana. Jibu liko kwenye mbao. Zamani hakukuwa na kazi inayoitwa ya mazishi. Kulikuwa na seremala. Leo anachonga kabati, kesho kuna msiba mtaa wa pili, anaenda kupima maiti na kutengeneza jeneza. Polepole msiba ukawa ndio kazi yenyewe.

Mfano ninaoupenda ni Leverton & Sons wa Camden, London. Walianza 1789 kwa useremala, na ukoo ule ule umeishika kazi hadi kizazi cha nane. Mwaka 1991 walikabidhiwa mazishi ya familia ya kifalme, wakapokea na jeneza la Malkia Elizabeth II likiwa tayari limeshatengenezwa. Hebu fikiria kulitunza jeneza la mtu aliye hai kwa miaka 31! Lilikuwa la mwaloni wa Kiingereza, ndani limepigwa risasi (ile metali) ili unyevu usipite, na kifuniko kina vishikizo vya kuzuia taji lisidondoke. Risasi ni nzito, ndiyo maana Septemba 2022, kwenye mazishi ya Malkia, uliona askari wanane wakilibeba kwa uangalifu vile.

Lakini wateja wao wa kila siku ni watu wa mtaani Camden. Mtu aliyemzika babu yako vizuri, ukifiwa na mama humtafuti mwingine.