Kabla Mchoro Haujakamilika: Ushauri kwa Wanaosubiri Kuitwa Kwenye Mkutano wa Barabara

Kijiji chetu kimekaa kandokando ya barabara ya mkoa, na nimehudhuria mikutano miwili ya wadau iliyoitishwa ili kujadili ujenzi wake kwa kiwango cha lami, kila mmoja kwa kipande chake. Katika ule wa kwanza hatukupata kitu. Katika wa pili tulikwenda tumejiandaa, na tofauti yake naiona kila masika. Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao tangazo la mkutano wao bado halijabandikwa kwenye ofisi ya mtendaji.

Mkutano wa kwanza, karibu kila aliyesimama alizungumzia fidia, na siwalaumu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara badala ya mita 22.5, na watu waliojenga nje ya mpaka wa zamani wakajikuta ndani ya mpaka mpya. Aliyeamka akakuta alama ya X ukutani hana moyo wa kujadili mitaro. Hata hivyo, fidia ina njia yake: huja mthamini, mali huorodheshwa, na kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, fidia isiyolipwa ndani ya miezi sita baada ya kuidhinishwa huongezewa riba. Mhandisi mshauri aliyekuwa mbele yetu hakuwa na mamlaka juu ya hayo. Alichokuwa nacho ni mchoro, na kuhusu mchoro hatukumwuliza lolote.

Kalavati, yaani njia ya kupitishia maji chini ya barabara, likawekwa mbali na korongo. Masika yaliyofuata, maji yakakosa pa kuvukia, yakafuata mtaro hadi shule ya msingi na kuingia darasa la pili; alama ya tope ilibaki ukutani kwenye tofali la nne kutoka chini. Tulipokwenda kulalamika tuliambiwa kwamba wananchi walishirikishwa, na majina yetu kweli yalikuwepo kwenye karatasi ya mahudhurio, tumeyaandika kwa mikono yetu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: mradi umefikia hatua gani? Wakati wa upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa awali wa kama mradi unafaa, hata njia yenyewe inaweza kuhamishwa. Wakati wa usanifu wa kina, yaani michoro kamili inapoandaliwa, njia imeshaamuliwa, lakini makalavati, vivuko vya waenda kwa miguu, vituo vya mabasi, matuta na michepuko ya kwenda mashambani bado vinaweza kuongezwa au kusogezwa. Mkandarasi akishaingia na mitambo, kila badiliko lina gharama ambayo haikuwekwa kwenye mkataba, na hapo utasikilizwa kwa heshima tu.

Jambo la pili ni kipimo. Kabla ya mkutano wa pili tulitembea kipande chote kwa miguu, mwenyekiti wa kijiji, wazee, wafugaji na mwalimu mmoja, tukiwa na kamba ya mita 30 tuliyoifunga mafundo, tukaandika umbali kutoka darajani hadi kila mahali maji yanapovuka na kila mahali watoto wanapovuka. Mkutanoni bibi mmoja aliinuka akamwambia mhandisi, "Mwanangu, hapo ulipochora maji hayapiti. Yanapita penye mkuyu, mita 410 kutoka darajani, na mwaka wa mafuriko yalifika kiunoni." Mhandisi alikunjua mchoro wake juu ya meza, akatafuta mahali hapo kwa kidole, akaandika. Ombi la jumla la kalavati lisingemfanya ashike kalamu, kwa sababu maombi ya namna hiyo huyasikia kila kijiji anachopita. Leo kalavati lipo penye mkuyu.

Angalia pia ni nani hayupo. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya gulio, akina mama wanaobeba mizigo kichwani kando ya barabara hiyo hawatafika, nao ndio wanaojua bega la barabara linapokuwa jembamba mno. Mwombeni mtendaji abadilishe siku mapema.

Mjue vilevile mnazungumza na nani. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya, tangu mwaka 2017, zipo chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na kero ya barabara ya ndani ya kijiji ikipelekwa kwenye mkutano wa barabara ya mkoa hupoteza muda wa wote. Pia ipo Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, na huko hoja yenu inaweza kufikishwa na mbunge.

Mwisho wa mkutano, kabla watu hawajaanza kusimama, ombeni muhtasari usomwe kwa sauti. Sisi tulipoomba, tuligundua kwamba mita 410 zilikuwa zimeandikwa 140, na zikasahihishwa palepale. Nakala iliyogongwa mhuri tuliiacha kwa mtendaji, nyingine ikabaki kwa mwenyekiti, na vigingi vilipoanza kuchomekwa tulikwenda nayo barabarani, tukapima tena kwa kamba ileile.