Kuongoza idara ya uendeshaji ya mahakama ya jinai: linda tarehe ya kesi

Mleta mada, hongera kwa uteuzi. Umeuliza uanzie wapi baada ya kukabidhiwa idara ya uendeshaji, na kama uwahamishe makarani wakongwe uliowakuta. Waliotangulia kukujibu wamekutajia kompyuta, semina na kuwahi kazini. Sibishani nao. Mimi nimepitia masijala, nikasimamia makarani wa vyumba vya mahakama, kisha nikaongoza idara kama yako kwa miaka mingi, na ningekushauri ushike jambo moja: tarehe ya kusikilizwa. Shauri lililopangwa Jumanne lisikilizwe Jumanne. Karibu kila mtumishi uliye naye analipwa mshahara kwa ajili hiyo, hata kama hajui.

Chukua ahirisho moja. Jaji yupo, mawakili wapo, shahidi katoka mbali, mshtakiwa hajaletwa kutoka rumande. Kwenye jalada itaandikwa "limeahirishwa", basi, maisha yanaendelea. Ukifuatilia utakuta hati ya kumtoa rumande ilisainiwa jana yake saa kumi jioni, wakati gari la magereza lilishapangiwa ratiba. Au ilipelekwa gereza alilokuwepo kabla hajahamishwa. Lawama zitaenda kwa magereza, ila uzembe ni wa ofisini kwako. Shahidi yule mara ya pili atakuja kwa shingo upande, mara ya tatu simu yake haipatikani. Mashauri mengi ya jinai hufa hivyo, ushahidi ukiwa haujapimwa kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, anza kuandika sababu ya kila ahirisho. Usikubali "sababu mbalimbali". Karani wa chumba ajaze siku hiyohiyo: nani aliomba, kwa nini, na nani angeweza kulizuia. Kila mtu atakuapia kwamba tatizo ni mawakili, au upelelezi kutokamilika. Kuna ukweli hapo. Lakini nilipoanza kuandika hivyo, fungu kubwa lilikuwa letu: jalada halionekani, mkalimani hakuambiwa, wito wa shahidi umekaa kwenye trei ya mtu aliye likizo, mashauri mawili marefu yamepangwa kwa jaji mmoja asubuhi moja. Hilo la mwisho ni ugonjwa wa karibu kila mahakama. Tunapanga kupita kiasi tukitegemea baadhi ya washtakiwa watakiri au shahidi hatatokea. Ziada kidogo haikwepeki, maana jaji asiye na la kusikiliza ni hasara pia. Ikizidi, mawakili wanajua kwamba shauri la nne kwenye orodha halitafika, hawajiandai, na siku likifika wanaomba ahirisho. Hapo ni ninyi mliowafundisha kutojiandaa.

Sasa, ugumu wa kiti chako ni kwamba wengi unaowategemea hawako chini yako. Jaji hapokei amri yako, mwendesha mashtaka vilevile, polisi, magereza na mawakili wa utetezi hali kadhalika. Nilichoona kinafanya kazi ni kikao kifupi cha mara kwa mara cha wadau wote, mezani pakiwa na namba za mashauri badala ya malalamiko. Ukimwambia ofisa wa magereza "mnatuchelewesha", atajitetea. Ukimwonyesha mashauri matano ya wiki iliyopita na saa hati zilipomfikia, mtazungumza kazi.

Kwa majaji kuna mpaka, uuheshimu kuliko kitu kingine. Unaweza kuwapelekea wote, kwa mkupuo, orodha ya hukumu zinazosubiriwa na umri wake. Usiende kumuuliza jaji mmoja kuhusu shauri moja kwa sababu kuna mkubwa amepiga simu. Na ugawaji wa mashauri kwa majaji uwe wa utaratibu usiochezeka, kwa sababu anayeweza kuchagua jaji anakaribia kuchagua matokeo. Jalada linaloruka foleni lina sababu yake. Jalada linalopotea siku ya hukumu pia.

Ndipo linaingia suala la makarani wakongwe. Usiwaguse miezi ya mwanzo. Wao ndio wanaojua jalada la zamani limekaa kabati gani. Ila nafasi mbili zizungushwe mapema bila kumnyooshea mtu kidole: anayegawa mashauri na anayepokea fedha za faini na dhamana.

Kuhusu takwimu, utaulizwa kiwango cha kumaliza mashauri: yaliyomalizika ukigawanya kwa yaliyofunguliwa. Kikipita asilimia 100 mlundikano unapungua. Kizuri, lakini kinadanganya. Ukimaliza makosa madogo ya barabarani kwa wingi utang'ara kwenye ripoti huku mashauri ya mauaji yakizeeka. Angalia umri wa yaliyobaki. Vipimo 10 vya CourTools vya National Center for State Courts ya Marekani vinahesabu umri huo, na pia uhakika wa tarehe na uaminifu wa majalada, ndiyo maana navipenda. Mahakama Kuu kabisa ya Kanada, katika shauri la R v Jordan la 2016, iliweka ukomo: miezi 18 kwa mahakama za mikoa na miezi 30 kwa mahakama za juu, bila kuhesabu ucheleweshaji wa upande wa utetezi. Ukipitwa, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kueleza, na shauri linaweza kusimamishwa kabisa. Hata kama sheria ya kwenu haina ukomo wa namna hiyo, jiwekee wa ndani, na kila shauri linaloukaribia lipite mezani kwako.

Jambo litakalokunyima usingizi, na linyime kweli, ni hati ya kuachiwa. Mtu kaachiwa huru saa tisa alasiri, mhuri haupo, karani kaondoka, na ni Ijumaa. Mtu asiye na kosa analala gerezani hadi Jumatatu. Weka sheria isiyo na mjadala: hati inaandaliwa siku hiyohiyo, karani wa pili anahakiki jina, namba ya shauri na kama kuna hati nyingine inayomshikilia mtu huyo, na hakuna anayetoka mpaka gereza lithibitishe limeipokea. Uhakiki huo unazuia pia kosa la upande wa pili, la kumtoa asiyestahili kutoka kwa sababu majina yamefanana. Hati za rumande nazo zina tarehe zake. Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, haziruhusu mtu kupokelewa gerezani bila hati halali, na hati hiyo inatoka kwako.

Vielelezo nitavipita haraka kwa kuwa miongozo yake kwa kawaida ipo, shida ni kuifuata. Fedha, silaha na dawa za kulevya zihesabiwe na watu wawili, na anayetunza asiwe anayekagua. Shauri likiisha na muda wa rufaa ukapita, omba amri ya kuviondoa, la sivyo chumba kitajaa na siku moja hutajua kilicho mali ya nani.

Kompyuta zije baada ya kusafisha daftari. Mfumo mpya juu ya majalada yasiyohesabiwa unakupa makosa yaleyale kwa kasi zaidi.

Na waangalie wanaochapa mwenendo wa mashauri ya ukatili kwa watoto. Jaji husikia ushahidi ule mara moja, mchapaji huurudia sentensi kwa sentensi kwenye vipokea sauti, peke yake. Wabadilishie kazi kabla hawajaomba, maana wengi hawaombi.