Jibu: Keneli imepaniki ndani ya QEMU, logi nazipataje?

Yakhe, umesema keneli (kiini cha Linux) imepaniki, yaani imekwama kwa kosa kubwa ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, skrini imeganda na mistari ya juu imeshapita huioni tena. Kwanza usiifunge hiyo QEMU! Logi, yaani ile mistari ya taarifa za keneli, bado zimo, keneli huziweka kwenye bafa (sehemu ya akiba) ndani ya ramu, na ramu ya mashine ya kuigiza unaweza ukaichota yote. Bonyeza Ctrl+Alt+2 uingie monita, pale pa kuipa QEMU amri (kama uliwasha na -nographic basi Ctrl+A halafu c), andika

dump-guest-memory /tmp/ramu.elf

Lile faili lifungue kwa crash, programu ya kuchambua keneli iliyokufa, pamoja na vmlinux (faili la keneli lisilobanwa) ileile uliyobuti, yenye simboli za dibagi, yaani majina ya vilivyomo ndani yake, bzImage iliyobanwa haifai hapo, kisha andika log, na logi zote zilizobaki kwenye bafa zitamwagika. Ila crash iwe mpya maana keneli kuanzia 5.10 bafa lake limebadilishwa, ya zamani haitolisoma. Vmlinux huna? Piga strings (huchomoa maandishi) kwenye faili la ramu halafu grep panic (huchuja mistari yenye neno hilo), vurugu tupu lakini nshaokoka nayo mara mbili.

Kama imeshajiriseti yenyewe hapo tena sahau, anza upya QEMU kwa kuongeza haya, isijiwashe tena na logi ziandikwe kwenye faili:

-no-reboot -serial file:logi.txt

na kwenye -append (maneno ya kuipa keneli inapowaka) tia console=ttyS0 ignore_loglevel, ili logi zote zitokee kwenye pato la serial. Mie hapa Chake, Pemba, niliwahi kukesha mpaka adhana ya alfajiri, logi.txt bait sifuri, kumbe hiyo console=ttyS0 nimeandika ttyso, kwa herufi o.

Ukipata ile mistari ya Call Trace (orodha ya fanksheni zilizokuwa zikiitana keneli ilipokufa) ibandike hapa tuione.