Kabla ya Kufungua Kituo, Piga Hodi

Wapo Waswahili wenzangu wa ughaibuni wanaoniuliza jinsi ya kuanzisha kituo cha jamii, na karibu wote huanza na swali la jengo. Ushauri wangu ni kwamba jengo lije mwisho. Nasema hivyo kutokana na kazi tunayoifanya sisi akina mama hapa Clarkston, karibu na Atlanta, Marekani, na pia kutokana na maisha ya Lugenia Burns Hope, aliyeifanya kazi ya namna hii Atlanta zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Bi Lugenia alizaliwa St. Louis mwaka 1871, akafika Atlanta mwaka 1898 pamoja na mumewe, John Hope, ambaye baadaye aliongoza chuo cha Morehouse. Mwaka 1906 makundi ya wazungu yaliwashambulia watu weusi wa jiji hilo na kuwaua wengi. Miaka miwili baadaye, yeye na majirani zake waliunda Neighborhood Union (Umoja wa Majirani), wakaigawa mitaa ya watu weusi katika maeneo madogo, na kila eneo likawa na wanawake wake wa kuzungukia kaya nyumba kwa nyumba. Aliyelelewa chini ya balozi wa nyumba kumi ataielewa kazi hiyo mara moja, ila hawa hawakutumwa na chama wala serikali. Uwanja wa michezo, masomo ya watoto na kliniki vilitokana na yale waliyoyasikia milangoni.

Kuuliza na kuandika huko huko ndiko kulikokuwa silaha yao dhidi ya ubaguzi. Mwaka 1913 walizikagua shule za watoto weusi, wakakuta madarasa yamefurika na watoto wanasoma kwa zamu, wakapeleka ushahidi kwa wakuu wa jiji. Walichopewa kilikuwa kidogo mno. Shule ya kwanza ya sekondari ya umma kwa weusi wa Atlanta, Booker T. Washington High School, ilifunguliwa mwaka 1924, baada ya wapiga kura weusi kuukataa mkopo wa jiji uliowasahau watoto wao.

Kwetu, tulipopiga hodi, jibu lililorudiwa zaidi lilihusu nani abaki na watoto wakati mama yuko zamu ya usiku katika kiwanda cha kuku. Kwa hiyo tulianza na zamu za kulea, sebuleni mwetu. Baadaye, shule moja ilipokuwa ikiwasimamisha watoto wetu kwa makosa ambayo wenzao huonywa tu, tulikwenda na tarehe, sababu na adhabu za kila kisa, na mazungumzo yakawa mengine kabisa. Mkalimani tumempata, kanuni za adhabu bado tunazidai.

Mwenye kupiga hodi awe jirani anayejulikana, tena mwanamke pale ambapo baba hayupo nyumbani. Aulize, asiahidi. Zaidi ya yote, asiandike lolote kuhusu hati za uhamiaji, hata akiambiwa kwa hiari, na majina yawekwe mbali na malalamiko, kwa sababu karatasi ikipotea, anayeumia si kituo bali ni familia iliyokufungulia mlango.