Fundisha simu yako ya Android kuandika lipa namba, na uache kukosa oda

Anayeuza nguo, chakula au vipuri kwa WhatsApp huandika maneno yaleyale kutwa nzima: lipa namba na jina litakalotokea, duka lilipo, nauli ya bodaboda, saa za kufungua. Kila mteja mpya anachapiwa upya, au muuzaji anapekua mazungumzo ya jana atafute ya kukopi. Muda mwingi unapotea hapo, na simu iliyo mkononi inaweza kuifanya kazi hiyo bila programu ya kununua. Maelezo haya ni ya Android yenye Gboard, kibodi ya Google. Mpangilio wa menyu hautakuwa sawa kwa Samsung, Tecno, Infinix na Xiaomi, kwa hiyo ukikosa kitu, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Anza na kamusi yako binafsi. Fungua sehemu yoyote ya kuandikia ili kibodi itokee, bofya alama ya gia (kama huioni, bofya kwanza alama ya vijiraba vinne pembeni), ingia kwenye Kamusi, kisha kamusi ya binafsi, uchague lugha zote na ubofye alama ya kujumlisha. Kisanduku cha juu kinapokea maneno kamili, kwa mfano “Lipa namba ni” na tarakimu zake pamoja na jina la biashara. Cha chini kinapokea kifupi chake, tuseme “lpn”. Tangu hapo ukichapa lpn, sentensi nzima inatokea kwenye mstari wa mapendekezo juu ya herufi, unaigusa inaingia.

Isipotokea, mara nyingi sababu ni kwamba umeihifadhi chini ya Kiswahili huku kibodi iko kwenye Kiingereza. Ndiyo maana nimesema uchague lugha zote. Sababu nyingine ni mapendekezo kuwa yamezimwa kwenye mipangilio ya kibodi. Kifupi chenyewe kisiwe neno halisi. Ukiweka “bei”, pendekezo litakusumbua kila unapoandika bei ya kitu. Chagua konsonanti tatu zisizounda neno: lpn kwa malipo, mhl kwa mahali, skf kwa saa za kufungua. Na kabla hujaanza kutumia, jitumie ujumbe huo mwenyewe, uilinganishe namba tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo kwenye bango lako. Kosa la tarakimu moja likiingia kwenye kamusi litaenda kwa kila mteja, na pesa iliyotumwa kusiko ni mateso kuirudisha.

Kwa majibu marefu yenye mistari mingi, kama orodha ya bei, WhatsApp Business inafaa zaidi. Kwenye zana za biashara kuna majibu ya haraka, unaruhusiwa kuhifadhi hadi 50, na unayaita kwa kuchapa mkwaju (/) kisha kifupi.

Kibodi hiyohiyo ina ubao wa kunakili ambao wengi hawajawahi kuufungua, ile alama ya karatasi kwenye mstari wa juu. Ukiuwasha, kila unachokopi kinakaa humo kwa saa moja badala ya kufutwa na kitu kinachofuata. Unaweza kukopi anwani, kisha tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20, kisha namba ya mteja, ukabandika kimoja kimoja unapohitaji. Ukishikilia kimojawapo na kukibana kwa pini, hakitafutika saa ikiisha. Nenosiri na PIN visikae humo hata kidogo, maana yeyote aliyeishika simu ikiwa wazi ataviona.

Ukikosea herufi katikati ya neno, usihangaike kuigusa kwa kidole. Telezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi, kushoto au kulia, na kishale kitasogea herufi moja moja. Ukivuta kidole kutoka kitufe cha kufutia kwenda kushoto, maneno mazima yanachaguliwa, ukiachia, yamefutika.

Kuandika kwa sauti nako kunafanya kazi kwa Kiswahili. Google ilikiongeza mwaka 2017, na unachagua cha Tanzania au cha Kenya. Lugha hiyo lazima uwe umeiongeza kwenye kibodi, la sivyo maikrofoni itasikiliza Kiingereza na kukuandikia takataka. Majina ya watu na kiasi cha pesa yasome upya kabla ya kutuma.

Sasa shida inayowapotezea watu wateja bila kujua: ujumbe kuingia kwa mkupuo pale tu unapofungua WhatsApp. Mtandao hauna kosa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyotulia hulaza programu ili kuokoa betri, na watengenezaji wengi wameongeza usafishaji wao mkali zaidi juu yake. Shikilia alama ya programu kwenye skrini, bofya herufi “i”, ingia Betri, uchague isiwekewe vizuizi. Kwenye Xiaomi, Tecno na Infinix angalia pia ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe. Fanya hivyo kwa programu mbili au tatu za kazi tu. Ukizifungulia zote, chaji haitafika jioni.

Kama unatumia kiokoa data ili bando lidumu, nacho kinazuia programu zisizo mbele ya macho. Kiache kiwe kimewashwa, lakini ndani yake kuna orodha ya programu zinazoruhusiwa data bila kikomo. Iweke WhatsApp humo. Kisha ndani ya WhatsApp yenyewe, kwenye hifadhi na data, ondoa alama zote za kupakua picha na video kiotomatiki unapotumia data ya simu. Hapo ujumbe utafika kwa wakati, na video za makundi hazitakula bando.

Arifa uliyoifuta kwa bahati mbaya haijapotea. Android 11 ya mwaka 2020 na zilizofuata zina historia ya arifa, ndani ya Mipangilio, sehemu ya Arifa. Huwa imezimwa, na hurekodi kuanzia pale ulipoiwasha, kwa hiyo iwashe leo. Inatunza saa 24 zilizopita. Hata ujumbe ambao mteja aliutuma kisha akaufuta unaweza kuusoma humo, mradi ulishatokea kama arifa. Picha hazirudi, na ujumbe mrefu unaweza kukatwa.

Usiku, badala ya kuzima simu na kuacha nyumbani wakutafute bure, tumia Usinisumbue. Weka nyota kwenye namba za mama, mwenza na msaidizi wa dukani, ruhusu simu za wenye nyota, na uwashe kipengele cha wanaorudia kupiga: mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia.

La mwisho ni kwa unayempa mteja simu aangalie picha za bidhaa. Kwenye Usalama kuna kubana programu, yaani kuifanya simu ibaki kwenye programu moja tu. Kiwashe pamoja na sharti la kudai PIN kabla ya kubandua. Bila sharti hilo mtu yeyote anatoka. Fungua picha, nenda kwenye orodha ya programu za karibuni, gusa alama iliyo juu ya dirisha hilo, uchague kubana. Kutoka, telezesha juu na ushikilie, au kwenye simu za vitufe shikilia cha kurudi na cha programu za karibuni kwa pamoja. Ila kubana hakuzuii mteja kupitisha picha nyingine zilizo humo humo, kwa hiyo picha za nyumbani na za vitambulisho zihamishie kwanza kwenye folda iliyofungwa ya Google Photos.